Nakuru: tunaeleza watu kuhusu floraidi kwenye maji, na kila mahali wanauliza "Sasa tunywe nini?"

MwanaMenengai (mwanzishaji wa uzi)

Hamjambo wote. Naleta mada hii kwa sababu najua humu kuna walimu, manesi, mafundi wa maji, na watu waliowahi kusimama mbele ya baraza la chifu wakaeleza jambo la kisayansi mpaka koo likakauka, kisha mzee mmoja akanyoosha mkono na swali lililobomoa hotuba yote.

Mimi niko kwenye kikundi cha kujitolea hapa Nakuru. Sisi si shirika, hatuna gari wala fulana zenye nembo. Kuna walimu wa sayansi, fundi wa mabomba, vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Egerton na bado wanasaka kazi, na mama mmoja wa chama cha kuchangiana ambaye watu humsikiliza kuliko sisi wote. Tunazunguka Njoro, Rongai, Bahati, Kaptembwa na Barut tukieleza kwa nini watoto wengi wa huku wanaota meno yenye madoa ya kahawia.

Kwa msomaji wa mbali: Bonde la Ufa limejengwa na volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi kwenye maji ndiyo yanayotia meno madoa hayo. Maji ya chini ya ardhi hukaa humo muda mrefu yakiyeyusha madini. Maji yetu yana kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi ikaganda na kutuama. Kwa hiyo inabaki imeyeyuka, inapanda na pampu, inaingia kwenye mtungi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ziwa Nakuru lenyewe, ambalo halina mto wa kutolea maji, limewahi kupimwa likakutwa na miligramu 2,800 kwa lita. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa, sawa, lakini hiyo inakuonyesha tumejenga mji juu ya nini.

Na ubaya wake ni kwamba huioni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukichemsha haitoki. Tena maji yakipungua sufuriani, yale yanayobaki yana floraidi nzito zaidi. Dawa ya klorini haiigusi. Kitambaa, mchanga, chujio la udongo, vyote inapita.

Haya yote watu wanayaelewa. Msinielewe vibaya, sijaja kulalamika kwamba wananchi hawapendi sayansi. Wanaelewa vizuri, ndipo mama anasimama na kuuliza: "Sasa tunywe nini?" Baadhi ya wenzangu kikundini wanasema hilo si letu, kazi yetu ni elimu, maji ni ya kaunti. Mimi nasema somo lisilofika kwenye swali hilo lisianze kabisa. Kumwambia mzazi kwamba maji yake yanaharibu meno ya mtoto, kisha ukakunja meza ukaenda, ni kumwambia mtu nyumba yake inaungua halafu ukaondoka na ndoo.

Mnasemaje?

MwalimuWaMolo

Nakubaliana nusu. Shida ninayoiona mimi ni kwamba watu wetu wanataka jibu la haraka, hawataki kujua sababu. Ukianza na miamba na kalsiamu tayari nusu ya kanisa imesinzia. Nyinyi mnaanzaje?

MwanaMenengai

Mwalimu, hawasinzii, kwa sababu miamba haiji mwanzo. Miamba inakuja wakiiuliza wenyewe.

Tunaanza na glasi nne mezani. Moja ina maji ya mvua, ya pili ya Mto Njoro, ya tatu ya kioski, ya nne ya kisima kirefu kilicho karibu na hapo tulipo. Tunauliza: mtoto wako utampa ipi? Karibu wote wanachagua ya kisima, kwa kuwa inang'aa. Ya mto wanaicheka, ina tope chini. Kisha tunachukua kidogo kutoka kila glasi, ile ya mto tunaichuja kwanza kwa karatasi, na tunatia dawa nyekundu ya kupimia. Dawa hii hupauka ikikutana na floraidi. Ya mvua inabaki nyekundu vile vile. Ya kisima inafifia mbele ya macho yao. Hapo hata vijana wa boda waliokuwa wameegemea pikipiki kule nyuma wanasogea.

Halafu kichupa kinaingia kwenye mashine ndogo ya mkononi inayosoma rangi na kutoa namba. Namba ikizidi uwezo wa mashine, tunaizimua sampuli kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na madini, tunapima upya na kuzidisha. Hesabu hiyo tunaifanya kwa sauti, mtoto wa darasa la saba anaizidisha ubaoni. Huwezi kuamini jinsi watu wazima wanavyomkosoa mtoto wa watu kwenye kuzidisha!

(Dawa yenyewe ni sumu. Mabaki tunayakusanya kwenye chupa maalumu, hatuyamwagi chini. Nayo ni sehemu ya somo.)

Baada ya hapo ndipo mtu anauliza: "Imetoka wapi?" Sasa unaweza kumpeleka mpaka kwenye volkano ya Menengai na kumrudisha, hasinzii.

Nesi_Rhonda

Naomba nikukatize hapo kwenye glasi, kaka. Umeweka maji ya mto na ya kisima, ukaonyesha kwamba ya kisima ndiyo mabaya. Mama wa watu amerudi nyumbani na picha hiyo kichwani. Kesho atachota wapi? Mtoni. Wiki ijayo namwona mimi kliniki na mtoto anayeharisha. Floraidi huchukua miaka kuharibu jino. Kipindupindu kinaua ndani ya saa chache. Sitaki kusikia mtu ameacha maji ya kisima kwa sababu ya mkutano wenu akaishia kwenye typhoid.

Sisemi muache. Nasema mtu anayefundisha hatari moja anaweza kuuza nyingine bila kujua.

MwanaMenengai

Dada, hili ndilo jambo zito kuliko yote kwenye uzi huu, na ndiyo maana glasi ya mto haiondoki mezani bila duru ya pili. Tunabeba chupa za kupima vijidudu, zile ambazo maji machafu yakikaa ndani siku moja au mbili yanageuka meusi. Kwa kuwa hatuwezi kuwaambia watu warudi kesho kutwa, tunakuja na chupa iliyojazwa mtoni mapema, imeshakuwa nyeusi tititi. Tunaiweka kando ya ile glasi ya mto "iliyoshinda" ya kisima kwenye floraidi. Kicheko kinakatika.

Sentensi tunayotaka waondoke nayo ni hii: maji yana maswali mawili, vijidudu na madini, na jibu la moja si jibu la lingine. Kuchemsha kunajibu la kwanza tu.

JaKisumo

Wacha nichomekee kutoka Kisumu. Huku ghuba ya Winam ina kina kifupi, mbolea na maji taka vinateremka, na msimu fulani ziwa linakuwa kijani kibichi kwa mwani. Kuna aina za mwani huo zinazotoa sumu ya ini. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, kunazipasua tu zile chembe za mwani na sumu inamwagika majini. Sasa nenda ufukweni Dunga umweleze mtu aliyefundishwa tangu chekechea "chemsha maji unywe salama". Anakutazama kama unayepinga Biblia. Neno "chemsha" limefundishwa vizuri mno, likaonekana linatibu kila kitu.

Kwa hiyo hayo maswali mawili yenu nayaiba. Sisi yatakuwa matatu.

MzeeWaSolai

Vijana, shikamooni hazinihusu, mimi ndiye wa kuamkiwa. Nimezaliwa Solai. Meno yangu ni ya kahawia, ya ndugu zangu ni ya kahawia, na mahindi bado nayatafuna yakiwa makavu. Hizi habari za floraidi nazisikia kila mara kuna mtu anauza chujio. Alikuja mmoja hapa na kijiti cha umeme anakitumbukiza kwenye glasi, kinaonyesha namba kubwa, akasema maji yetu ni sumu, akataka pesa. Siku hiyo hiyo namuuliza mjukuu, ananisomea kwenye dawa ya meno: "ina floraidi". Sasa ni sumu au ni dawa? Kuuliza si ujinga.

MenoNaFizi

Shikamoo mzee. Mimi ni mhudumu wa afya ya kinywa, nitajaribu.

Floraidi ni dawa kwa kipimo na madhara kwa kipimo, kama vitu vingi. Ile ya dawa ya meno inagusa uso wa jino kisha unaitema. Kiasi cha ukubwa wa punje ya njegere kina kama robo hadi theluthi ya miligramu. Lakini kisima chenye miligramu 5 kwa lita, glasi moja tu ya robo lita inakupa zaidi ya miligramu moja, nayo umeimeza, na glasi ni nyingi kwa siku, bado uji, bado chai, bado ugali.

Madoa ya meno hutengenezwa jino likiwa bado ndani ya ufizi. Kwa hiyo dirisha ni tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane. Wewe mzee ukianza leo kunywa maji ya kisima hicho, meno yako hayabadiliki rangi. Ndiyo sababu mgeni anayehamia Nakuru akiwa mtu mzima anaishi miaka na meno meupe, kisha anasema "mbona mimi sijadhurika?" Watoto wake waliozaliwa hapa ndio watakaomjibu. Kwa mtu mzima cha kuangalia ni mifupa na viungo, na hiyo ni kwa kiwango cha juu na miaka mingi ya kunywa.

Na lile la kijiti: mzee uliona vizuri. Kile kinapima jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwa kupitisha umeme. Hakijui floraidi ni nini. Maji yanaweza kuonyesha namba kubwa yakawa na floraidi kidogo, au kinyume chake. Anayekuuzia chujio kwa kijiti hicho anakuuzia hofu.

MzeeWaSolai

Marahaba. Umenijibu bila kunicheka. Na hao vijana wenye glasi waje Solai, lakini wasije na chujio la kuuza.

MamaWawili

Mimi ni wa Kaptembwa na nataka niongeze upande ambao watu wa vipimo hawauoni.

Binti yangu akicheka anaweka kiganja mdomoni. Hajaanza jana. Darasani aliambiwa mbele ya wenzake akapige mswaki, na akipiga mara tatu kwa siku! Nilimkuta bafuni anasugua kwa mkaa na majivu mpaka ufizi unatoa damu. Sasa fikirini mnakuja kanisani na picha kubwa ya mdomo wa mtoto mwenye meno yameliwa na madoa, mnaiinua mbele ya watu. Yeye amekaa kiti cha tatu. Mnadhani anasikia nini kuhusu sayansi siku hiyo?

Mkija na maneno, la kwanza liwe hili: madoa haya si uchafu, hayatoki kwa mswaki, na si kosa la mtoto wala la mama. Mimi ningelisikia hilo mapema ningejiepusha na ugomvi mwingi nyumbani kwangu.

MwanaMenengai

Mama, picha hatubebi. Yule mama wa chama niliyemtaja alizipiga marufuku tangu mwanzo, yeye mwenyewe meno yake ni ya kahawia. Anaanza kwa kutabasamu mbele ya umati, bila haraka, halafu anasema: "Haya ni meno ya Njoro. Nilipiga mswaki leo." Watu wanacheka naye. Hakuna mtaalamu anayeweza kufanya hivyo akiwa na meno ya matangazo ya biashara.

Tena tunaomba kukutana na walimu kabla ya wanafunzi. Mwalimu akishajua, hamtumi mtoto bombani.

Kijana_Section58

Na meno yakishakuwa hivyo hakuna la kufanya? Naulizia rafiki.

MenoNaFizi

Mwambie "rafiki" aende kwa daktari wa meno. Madoa mepesi yanaweza kusuguliwa kitaalamu au kung'arishwa, mazito yanafunikwa. Mkaa, mchanga, ndimu na magadi aache, anamaliza gamba la jino. Pesa itahitajika, sitamdanganya.

Nikiwa kwenye magadi: wanaotia magadi ya mawe kwenye maharagwe au mboga, jueni nayo yanaweza kubeba floraidi nyingi. Majani ya chai pia yana yake. Nimeona nyumba ambayo maji yamebadilishwa lakini sufuria bado inatiwa magadi kila jioni.

MwalimuWaMolo

Basi turudi kwenye swali la uzi. Tunywe nini? Maana mpaka sasa tumekatazwa kisima, mto, magadi na karibu chai.

MwanaMenengai

Haya. Ninavyojibu mkutanoni, kwa mpangilio ule ule.

La kwanza, punguza tatizo. Floraidi haiingii kwa ngozi kwa kiasi cha kukusumbua. Kuoga, kufua, kuosha nyumba, endelea na kisima chako. Unachotafuta ni maji ya kunywa na kupikia tu. Kwa familia ndogo, mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku unakutosha. Mtu akisikia "badilisha maji" anawaza matangi ya hoteli. Akisikia "mtungi mmoja" anaanza kupiga hesabu.

La pili, watoto wadogo kwanza. Kama kuna maji mazuri kidogo, ni ya mwenye umri wa chini ya miaka minane. Anayenyonya yuko salama hata kama mama anakunywa ya kisima, maana maziwa ya mama yanapitisha floraidi kidogo sana. Hatari inaanza kwa uji na maziwa ya unga yanayokorogwa kwa maji ya kisima.

La tatu, mabati. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Chukua paa dogo la mita 30 za mraba, mvua ya mwaka ya Nakuru tuseme milimita 900, toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita zaidi ya 21,000. Mtungi mmoja kwa siku mwaka mzima ni lita 7,300. Kwa hiyo paa unalo tayari. Usichonacho ni mahali pa kuyaweka. Kiangazi cha Desemba hadi Machi, kwa mtungi mmoja kwa siku, ni kama lita 2,400 hivi. Hapo ndipo pesa inapohitajika. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaache yaoshe paa, usiyaingize tangini, na ya kunywa bado uyatibu vijidudu. Nesi, umenisikia?

Nesi_Rhonda

Nimekusikia. Na tangi lifunikwe, tusije tukahama kutoka kwenye meno tukaingia kwenye mbu.

MamaWawili

Kwa tangi: chama chetu kiliacha kununuliana sufuria na shuka. Kila zamu ni tangi na mifereji ya paa. Mwenye nyumba ya kupanga ndiye tatizo, hataki mtu aguse mabati yake. Tumempata mmoja tu aliyekubali, na hata huyo ni kwa sababu mke wake yuko kwenye chama.

FundiWaChujio

Kuna njia nyingine ambayo Nakuru inaijua kuliko mahali pengi: mkaa wa mifupa. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kazi hiyo miaka ya 1990 mwishoni. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa, inachekechwa, inaoshwa, inajazwa kwenye ndoo au tangi la chujio. Madini ya mfupa ni yale yale ya jino, na yanaishika floraidi kwa namna ile ile jino linavyoishika.

Kuchoma ndiko kwenye ufundi. Ukikosa moto wa kutosha, mafuta yanabaki na maji yanatoa harufu. Ukizidisha moto na hewa ikaingia, mfupa unakuwa mweupe, unaonekana msafi, lakini nguvu ya kushika imekufa. Tunataka kijivu cheusi, kikavu, ukikinusa hakuna kitu.

Sasa sikilizeni: chujio hili huchoka. Mkaa ukishajaa, maji yanapita na floraidi yake yote, na ladha ni ile ile ya jana. Mtu anaendelea kunywa akijua amejikinga. Ndiyo maana mimi sipendi vikundi vinavyogawa machujio, vinapiga picha na kuondoka. Chujio bila mtu wa kuja kupima tena ni pambo la jikoni.

Bin_Bondeni

Asalaam aleikum. Mimi ni wa Bondeni. Kaka yangu alikataa chujio hilo aliposikia mifupa, na hakukataa kwa ujinga. Alitaka kujua ni mfupa wa mnyama gani na umetoka wapi. Aliyekuwa anaeleza akamwambia "hii ni sayansi mzee, dini weka kando". Mkutano uliishia hapo.

Swali lilikuwa halali na jibu lake lipo: ng'ombe, kutoka machinjioni. Iliyobaki ni ya sheikh, amalize mwenyewe na waumini wake. Mkija Bondeni anzeni kwa imamu, mpeni huo mkaa auguse, mjibuni alichouliza, kisha mkae kimya. Akisimama yeye Ijumaa, hamtahitaji glasi nne.

Mmeru_wa_Arusha

Wakuu, salamu kutoka Tanzania. Sisi wa Meru na Arusha ni ndugu zenu wa meno. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikifanya kazi hiyo hiyo ya mkaa wa mifupa. Na hilo la dini tulilikuta vile vile, kwa hiyo Bin_Bondeni yuko sahihi kabisa. Mimi ningeongeza la lugha: acheni "miligramu kwa lita" mbele ya watu wasioitumia. Sisi tunasema "kiwango kinachoruhusiwa" kisha "kisima hiki ni mara tatu ya kiwango". Mara tatu kila mtu anaielewa, hata anayekopesha.

MwenyeKisima

Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa niseme. Nilikopa nikachimba kisima. Nauza mtungi kwa bei ambayo hata mama wa vibarua anaimudu, mfereji wa mji ukikauka mimi ndiye ninayefungua lango. Kikundi fulani (sisemi ni chenu) kilikuja sokoni, kikapima maji yangu mbele ya wateja wangu, kikatangaza namba kwa kipaza sauti. Wiki hiyo punda wa wachuuzi wakapita langoni kwangu bila kusimama. Hakuna aliyeniita kando. Hakuna aliyeniambia nifanye nini. Hiyo ni elimu au ni kuniua?

MwanaMenengai

Mwenye kisima, pole kwa hasara. Nitakujibu bila kuzunguka, na najua hatutakubaliana.

Sisi tuna utaratibu: sampuli ya kisima cha mtu inapimwa akiwepo au akijulishwa kwanza, na tunakaa naye kabla namba haijatoka nje. Tunamweleza kwamba anaweza kuendelea kuuza maji ya kufulia na kuoga bila wasiwasi, na kwamba akiweka chujio kubwa kwenye bomba moja la maji ya kunywa anaweza kuliuza kwa bei tofauti. Wako waliofanya hivyo. Lakini namba hatuifichi. Anayekunywa ana haki nayo kama wewe uliyechimba. Akija mama na chupa aliyoijaza kutoka kwako, ile chupa ni yake, na jibu ni lake.

Halafu kisima kilichochimbwa kwa kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, kinatakiwa kuwa na ripoti ya maabara. Mwenye kisima anayo mezani kabla sisi hatujafika. Swali langu kwako, kwa heshima: ile karatasi umeibandika langoni?

MwenyeKisima

Iko kwenye faili. Na nikiibandika mimi peke yangu, jirani yangu asiye na kibali hata kidogo atachukua wateja wangu wote, na maji yake huenda ni mabaya kuliko yangu. Pimeni wote wa mtaa siku moja, mtangaze wote, au msitangaze yeyote.

MwalimuWaMolo

Hapo mwenye kisima ana hoja ngumu kuipinga. Kutangaza kisima kimoja ni kumwadhibu aliyekubali kupimwa.

Nesi_Rhonda

Ni kweli, na visima viwili vilivyotenganishwa na ua tu vinaweza kutofautiana sana. Mkipima mtaa mzima mtaweza hata kuwaonyesha watu kisima cha karibu chenye nafuu. Wahudumu wetu wa afya wa jamii wanajua kila lango. Waulizeni, wanatembea huko kila wiki.

MwanaMenengai

Mtaa mzima siku moja tunauweza tukipunguza mikutano. Dawa ya kupimia ndiyo inayotukaba, kila kichupa ni pesa. Nitalipeleka kikundini: tuanze na mtaa mmoja wa Rongai, wahudumu wa afya waende mbele, wenye visima waitwe wote kwanza, orodha ibandikwe kwa chifu na kwenye makanisa na msikiti. MwenyeKisima, ukiwa tayari njoo inbox, nataka uwe kwenye hicho kikao cha wenye visima. Maneno haya wakiyasikia kwako hawatasema tumetumwa.

MwenyeKisima

Nitakuja. Lakini jirani yangu asiye na kibali muiteni nyinyi.

Kijana_Section58

Na mtu wa mjini kama mimi, ninayenunua maji kwenye yale maduka ya kujaza chupa?

FundiWaChujio

Mengi ya maduka hayo yanatumia mtambo wa utando unaosukuma maji kwa shinikizo, na huo unaondoa floraidi vizuri ukitunzwa. Utando ukichakaa ni kama haupo. Muulize mwenye duka alibadilisha lini. Akikasirika, umeshapata jibu.

MwanaMenengai

Kwa wanaotaka kupimiwa: chupa ya plastiki, si ya kioo. Isuuze mara kadhaa kwa maji yale yale unayotaka kupima, jaza, funga, andika yametoka kisima gani na tarehe. Usitie klorini. Maji yaliyokaa kwenye sufuria usilete, chota yanapotoka. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka minane andika hapo hapo kwenye lebo, chupa hizo tunazipima kwanza. Mzee wa Solai, wewe usilete, tutakuja wenyewe na hatuna chujio la kuuza.

MzeeWaSolai

Njooni siku ya soko. Na huyo mama wa meno ya Njoro lazima awepo.